Heshima Iliyotaka Kunilemaza

Nilipovunjika nyonga, wanangu walinitoa shambani Soy wakanileta kwenye nyumba ya kutunzia wazee huku mjini, mtaa wa Elgon View. Daktari alikuwa amenionya: nisipotembea, miguu itaisha nguvu kabisa, nimalizie maisha kwenye kiti cha magurudumu. Niliogopa. Mtu aliyelima mahindi miaka yote hiyo hapendi kusukumwa kama toroli.

Tatizo lilikuwa wahudumu. Walikuwa vijana waliolelewa vizuri kupita kiasi. Nikijaribu kuinuka tu, wananirukia. "Mzee, kaa tu, nitakuletea." Siku moja nilikohoa, nikaletewa maji, blanketi na Biblia. Kwetu, mzee akijimiminia chai na vijana wameketi, wanaoaibika ni mama zao waliowazaa.

Meneja akaleta mwalimu wa kuwapa mafunzo, mama mmoja mwenye viatu vya kugonga sakafu. Alifundisha asubuhi nzima: mwacheni mzee afanye anachoweza. Wakaitikia vizuri sana, wakaandika. Wakati wa chakula nikanyoosha mkono nichukue kijiko. Msichana aliyeandika mengi kuliko wenzake wote akaniwahi, akaanza kunilisha.

"Si nimetoka kuwaambia?" mwalimu akauliza.

"Ndio madam, lakini huyu ni mzee."

Sikio la kufa halisikii dawa, ila hapa sikio lilikuwa lao na kifo kilikuwa cha miguu yangu. Nilikasirika, nikamwomba mwalimu aniachie hilo darasa.

"Nyinyi wote kaeni chini," nikasema. "Ni mimi mzee nimesema. Na mtu asisimame mpaka nimwambie."

Hapo niliwapata. Mzee akikuamuru utakataaje? Wakaketi, wengine wakaikalia mikono yao isije ikawaponyoka. Nikajikokota hadi mezani, nikamimina chai, nikaanza kuwapelekea kikombe kimoja kimoja, mkono wa pili umeshika mkongojo.

Sijawahi kuona watu wakiteseka hivyo. Bawabu wa lango, naye aliyeitwa mafunzoni, alivua kofia kama yuko mazishini. Mwingine alifumba macho akaanza kuomba kwa lugha ya kwao. Katikati ya chumba goti langu likacheza, chai ikanimwagikia kiatuni, na yule msichana akaguna kama aliyebanwa kidole na mlango, lakini hakuinuka. Nikauegemea mkongojo kwa nguvu zote. Nikasimama mpaka goti likatulia, kisha nikaendelea.

Kila mtu alipokuwa na kikombe chake, msichana akaniangalia, machozi yamemjaa.

"Mzee, sasa naweza simama?"

"Bado," nikamwambia. "Sijajiletea changu."