Ludo ya Wanaume Wazima

Nimeishi na walevi, nimeishi na watu wa kuimba bafuni, lakini sijaona mtu wa kuchosha kama mwanamume mzima asiyeweza kushindwa ludo. Nilikaa na mmoja nyumba moja, hapa Nyeri, na bado nikimkumbuka midomo inajikunja yenyewe.

Tulikuwa watatu. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, nililetwa huku na kazi kutoka upande wa Busia. Wa pili alikuwa muuguzi wa kiume, mtu wa Machakos, mpole kupita kiasi. Wa tatu ndiye huyo, afisa wa kaunti, mzaliwa wa Endarasha, ambaye kazi yake sikuwahi kuielewa ila ilihitaji suti na mikutano mingi. Nyumba ilikuwa ya vyumba vitatu, sebule kubwa yenye baridi, na jiko la makaa ambalo tulilizunguka mwezi wa saba kama kuku.

Wazo lilikuwa la afisa. Alirudi kutoka semina ya Naivasha akiwa amejaa maneno mapya, akatukalisha chini.

"Watu wa akili hawakai baa," alisema. "Tukuwe na geimu kila Jumamosi. Tualike watu, tujenge netiwoki."

"Ni kweli," muuguzi akasema. Angesema hivyo hata kama afisa angependekeza tufuge mamba.

Mchezo wa kwanza ulikuwa wa kigeni, sanduku zima la vibao vya rangi, kadi, na kijitabu cha sheria kinene. Jumamosi baada ya Jumamosi tuliketi tukimsikiliza akisoma sheria kwa sauti ya mkutano wa hadhara, wageni wakichungulia simu zao chini ya meza. Hakuna aliyeelewa kitu. Yeye mwenyewe hakuelewa, lakini kwa kuwa ndiye aliyekuwa akisoma, ndiye aliyeshinda kila mara. Aliposhinda alisimama, akanyoosha shati, akatueleza makosa yetu mmoja mmoja. Watu wazima, wenye digrii na watoto, walitikisa vichwa wakipokea mawaidha kuhusu vibao vya plastiki.

Hatimaye mgeni mmoja, jirani aliyefanya kazi benki, akauliza kwa adabu kama hatuna ludo. Nilitaka kumkumbatia. Ludo haihitaji kusomewa. Unarusha dadu, unazungusha kete zako nne hadi zifike; mwenzako akiangukia pale uliposimama amekuua, na kete yako inarudi ilikoanzia. Mtoto wa chekechea anaielewa. Afisa naye aliielewa, isipokuwa hiyo sehemu ya kuuawa.

Akatengenezesha ubao kwa fundi, mkubwa kama mlango, wenye kioo juu na dadu ndani ya kikombe cha bati. Kuanzia hapo tukaishi chini ya serikali yake. Dadu lake likianguka vibaya, "Limegonga kikombe, hiyo si halali." Langu likigonga kikombe na kutoa moja, "Mwalimu, kubali matokeo." Akiuliwa kete, alihesabu upya nafasi kwa kidole, polepole, akianzia mahali tofauti, mpaka ikaonekana kwamba aliyemuua alikuwa amekosea. Kisha akamgeukia muuguzi, ambaye nyumbani tulimwita Nas, yaani nesi.

"Nas, wewe uliona?"

"Niliona. Ni kama ulikuwa nafasi moja mbele."

Naambiwa muuguzi huyu alikuwa hodari kazini, mwepesi wa sindano, wagonjwa wakimpenda. Nyumbani alikuwa mwangwi tu. Na afisa akishindwa licha ya msaada huo wote, wiki nzima ilikuwa matanga. Haoshi sahani, hasalimii mtu, anafunga milango kwa kishindo. Wageni walipogundua hilo wakaanza kumwachia ushindi ili wapate kula kwa amani. Yeye akadhani amekuwa bingwa. Akaanza kuzungumza juu ya "mbinu".

Wakati huo alikuwa na mchumba, mwalimu wa shule ya msingi huko Kutus. Wazee wa pande mbili walikuwa wameonana, mambo ya mahari yalikuwa yanaendelea, na afisa alizungumza juu ya harusi kama mtu anayesubiri kupandishwa cheo. Nilimwona yule dada mara chache tu, mwanamke wa sauti ya chini na kicheko cha ghafla. Kila akija alituletea mchele wa kwao, ule wa kunukia hadi barabarani, na tulimpenda kwa mchele kabla hatujampenda kwa lolote lingine.

Jumamosi ninayoisimulia alifika mapema, na baada ya chakula cha mchana afisa akatandaza ubao. Tukawa watano tu, maana mgeni mwingine aliyetokea alikuwa jirani wa benki. Mimi sikutaka kucheza nikakaa pembeni na kikombe changu. Jirani wa benki akachukua nafasi yangu.

"Sasa, mami," afisa akamwambia mchumba wake kwa sauti ya kumfundisha, "ukipata sita ndio unatoka. Sawa? Sita."

"Asante," akajibu.

Akarusha dadu bila hata kulitikisa. Sita. Akarusha tena. Sita. Nikaelewa palepale kwamba huyu hajaanza ludo leo. Baadaye aliniambia alilelewa na kaka watupu, na ubao wao ulikuwa nyuma ya duka la baba yake, ambako ukilia unachekwa. Alicheza bila maneno, akisogeza kete kwa ncha ya kidole, huku afisa akimweleza kila hatua aliyokwisha kuichukua.

Jioni ilipoanza kuingia, afisa alikuwa amebakisha kete moja, nayo ilikuwa imekaribia kufika. Tayari alikuwa ameshaanza kutueleza mbinu. Kete ya mchumba wake ilikuwa nyuma yake kidogo. Dada akarusha, dadu likatoa nne. Akahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, nne, akaangukia palepale. Akaichukua kete ya afisa, akairudisha kwenye kona yake, akacheka kile kicheko chake cha ghafla.

Jirani wa benki akapiga kofi moja, kisha akaangalia mikono yake kama imemsaliti.

Afisa alitabasamu. Aliinua ile kete kutoka konani, akaiweka nafasi moja mbele ya kete ya mchumba wake. Hakuhesabu hata kwa kidole safari hii.

"Hiyo tulikuwa tunapima tu," akasema. "Nas, cheza."

"Kete imekufa," nikasema kutoka pembeni. "Irudishe."

"Mwalimu, hapa si darasani. Na wewe huchezi leo."

Dada akanyoosha mkono airudishe kete konani mwenyewe. Hapo ndipo afisa alipomshika kifundo cha mkono. Hakumfinya, hakumvuta. Alimshika tu na kuuzuia mkono hapo juu ya kioo, huku bado anatabasamu, kama unavyomzuia mtoto anayetaka kugusa jiko. Yule dada hakuutoa mkono wake. Aliutazama ule wa afisa, akautazama kwa muda, kama mtu anayesoma kibandiko cha dawa kabla ya kumeza.

"Ni mchezo, ama si mchezo?" akauliza.

"Ni mchezo tu, mami. Usikuwe serious hivyo."

"Kama ni mchezo tu, rudisha."

Jirani wa benki akagundua kuna kitu muhimu darini. Muuguzi akasema, kwa sauti ya wodini, "Chai inapoa, jamani." Afisa akauachia mkono, lakini kete akaiacha palepale.

Dada akasimama. Akavaa sweta, akachukua mkoba wake, akatuaga sote kwa heshima, pamoja na afisa.

"Atarudi," afisa akasema mlango ulipofungwa. "Huyu namjua. Nas, ni zamu yako."

Na muuguzi akarusha dadu. Nimeona mengi ya aibu katika maisha yangu, nimesimamia mitihani, nimehudhuria mikutano ya chama, lakini sijasahau ule mlio wa dadu ndani ya kikombe cha bati. Nikaacha chai yangu nikatoka.

Nilimpata yule dada njiani akiteremka kwenda steji ya magari ya Karatina, ambako angeunganisha la kwao. Tulitembea mpaka barabara kubwa. Ukungu ulikuwa umeshuka na bodaboda zilikuwa zimewasha taa.

"Mwalimu," akasema, "hata wewe huwa anakushika hivyo?"

"Mimi hunibishia tu. Hajawahi kunishika mkono."

Akaitikia kwa kichwa. "Hiyo kete sina shida nayo. Kaka zangu waliniibia kete mpaka nikazoea. Lakini hiyo mkono niliiona ikikuja, na uso ikicheka. Nikajiuliza, kama ni hivi mbele ya watu, tukifunga mlango itakuwa aje?"

Alipanda gari, akanipungia dirishani.

Afisa alisubiri aombwe msamaha. Alisubiri kwa uhakika wa mtu anayesubiri mshahara. Simu ilipozidi kunyamaza, alimtuma muuguzi Kutus apeleke ujumbe: yeye yuko tayari kusahau, ilimradi dada akubali kwamba alimkosea heshima mbele ya wageni. Muuguzi aliazima tai yangu, akaenda. Akarudi jioni amenawiri.

"Amekataa," akatuarifu, akivua viatu. "Lakini alinipikia vizuri, siwezi kudanganya."

"Alisema nini hasa?" afisa akauliza.

Muuguzi akakohoa. "Aliniuliza, 'Wewe ni nas. Niambie ukweli, yeye ni mgonjwa wa miguu?' Nikasema hapana. Akasema, 'Basi mbona amekutuma wewe?'"

Nilikimbilia jikoni nicheke.

Afisa hakwenda Kutus. Wazee walipoulizana, upande wa dada ukasema binti yao amebadili nia, ukarudisha kilichopaswa kurudishwa bila kelele. Upande wa afisa ndio uliopiga kelele. Mjini akasimulia kwamba mchumba wake alikuwa na mwanamume mwingine, muuzaji wa dawa za mifugo; kesho yake mwanamume huyo akawa mwenye lori. Watu walimpa pole ofisini, wakamnunulia chai. Jirani wa benki, aliyeona yote kwa macho yake, naye alimpa pole. Niliposema sebuleni kwamba huo ni uongo na sote tunajua, afisa akaniambia walimu wana wivu. Muuguzi akasema labda ni uchovu wa kusahihisha mitihani.

Nilihama mwisho wa mwezi. Nilipata chumba kimoja upande wa Ruring'u, maji ya shida lakini utulivu tele. Nilisikia kwamba Jumamosi ziliendelea, sasa na vijana wa ofisini kwake, wale walio chini yake, na kwamba alikuwa hashindwi tena. Naamini kabisa.

Mimi na dada wa Kutus tuliendelea kupigiana simu wakati wa likizo. Siku hizi ni naibu wa mwalimu mkuu. Hakuwahi kusema neno baya juu ya afisa, jambo ambalo, kama unavyoona, limenishinda mimi.

Mwaka jana nilikutana na afisa sokoni, Nyeri mjini, amenenepa na amefurahi kuniona kana kwamba tuliachana vizuri. Alikuwa na mkewe, msichana mwembamba aliyebeba kapu la viazi kwa mikono miwili wakati yeye amebeba simu.

"Mwalimu! Umepotea sana. Kuja Jumamosi, bado tunacheza. Siku hizi hakuna mtu ananiweza."

Nikamgeukia mkewe. "Na wewe, dada, unacheza ludo?"

Kwanza alimtazama mumewe usoni.

"Huyu hapendi michezo," afisa akasema.

Nikampokea mkewe kapu, nikamsaidia kulifikisha kwenye gari lao. Afisa alitangulia mbele, akizungumza kwenye simu.