Asubuhi Baba Alipokosa Taulo Johannesburg

Desemba iliyopita tulirudi Johannesburg. Mdogo wangu, mwenye miaka tisa na maoni ya mtu wa sitini, alisimama mbele ya jengo moja kuukuu pale Marshalltown akalitazama toka juu hadi chini. "Mliishi hapa? Kwa hiari yenu?" Nikamwambia hata yeye aliishi hapo, tena ndiye aliyetuleta. Hakuamini. Ikabidi nimsimulie, na wewe sogea usikie, maana kwetu mwenye kumbukumbu ni mimi. Wazazi wanakumbuka yale ya heshima tu.

Nilikuwa na miaka minane, mtoto wa pekee, na nilikuwa nimeomba ndugu wa kiume anayejua kudaka mpira. Tulipopanda ndege Nairobi, mama, baba na mimi, tulikuwa tunakwenda kumchukua mtoto ambaye wazazi wangu walikuwa wamekubaliwa kumlea awe wao. Nilichopewa ni msichana wa mwaka mmoja na nusu, meno sita, mashavu kama ameweka akiba ya chakula cha kesho. Hakujua kudaka kitu chochote isipokuwa nywele zangu.

Sharti lilikuwa tukae naye hukohuko majuma kadhaa. Afisa wa ustawi wa watoto angekuja kuona kama ametuzoea, ndipo karatasi ziende kwa hakimu. Asipotuzoea, hakuna aliyetaka kumalizia hiyo sentensi.

Tulipanga ghorofa ya nne, na lifti ilikuwa imekufa zamani. Chini waliuza soksi, chaja na magwinya, yale maandazi yao ya mviringo yasiyo na iliki, yanayokutiririshia mafuta hadi kiwikoni. Kila asubuhi nilitumwa kuyanunua, na kila asubuhi moja lilipotelea kwenye ngazi. Juu yetu palikuwa na kanisa, kwaya ikifanya mazoezi hadi vijiko vinacheza kabatini. Na baridi je? Ilikuwa Juni. Nililala na viatu.

Mtoto alimkubali baba. Mimi alinicheka kila aliponiona, hata nisipofanya lolote. Kwa mama alikataa. Siku nane nzima, mama akimwinua tu, anajinyoosha kama ubao na kupiga mayowe. Mama alimfunga mgongoni kwa leso kama bibi alivyotufunga sote kwetu, pindo moja juu ya bega, jingine chini ya kwapa, fundo kifuani. Mtoto akazidi. Bibi alikuwa na msemo wake kwamba mtoto asiyelala mgongoni kwako bado ni mgeni. Nyumbani tuliucheka. Siku ya nane nilimkuta mama jikoni akiosha sahani safi, bomba limefunguliwa mpaka mwisho, uso umelowa kuliko sahani. Nilikuwa na utani tayari mdomoni. Nikaumeza.

Asubuhi iliyofuata, Alhamisi, jirani aligonga mlango. Alikuwa fundi cherehani kutoka Lubumbashi, amelea watoto watatu mjini humo, na hakuwa mtu wa kubembeleza.

"Mama, huyu mutoto hana shida na weye," alisema. "Iko na shida na namna unamubeba. Unamuweka juu juu kama muzigo ya soko. Huku batu banabebaka batoto na taulo, chini kabisa. Nani alikuwa anamulea?"

"Bibi mmoja wa hapa," mama akajibu.

"Basi. Leta taulo. Kubwa."

Taulo kubwa nyumbani lilikuwa moja tu, na lilikuwa limetundikwa nje ya mlango wa bafu, likimngoja baba aliyekuwa ndani akiimba. Mama akanitazama. Sijawahi kutumwa kazi niliyoipenda namna ile.

Jirani akamlaza mtoto kiunoni kwa mama, miguu huku na huku, akalizungusha taulo, akalikaza juu ya kifua cha mama, kisha chini ya makalio ya mtoto akalibana kwa pini. Mtoto akavuta pumzi ya kulia. Tukangoja. Akaishusha. Akaweka shavu mgongoni kwa mama, akalala kama mtu aliyefika.

Ndipo baba akaita, "Nani amechukua taulo?"

Nikaweka mdomo kwenye tundu la kitasa. "Baba, mtoto amelala."

"Mgongoni kwa nani?"

"Kwa mama."

"Basi liacheni."

Na afisa, aliyekuwa anatarajiwa Ijumaa, akabisha hodi. Alimkuta mama akitembea polepole dirishani, hathubutu kuketi. Akamzunguka, akaligusa taulo, akatabasamu. Kisha akauliza baba yuko wapi. Nikasema anaoga. Baada ya nusu saa akauliza tena. Nikasema bado anaoga.

"Baba yako anapenda usafi sana," akasema, na akaandika kwenye daftari lake. Hadi leo naamini kuna faili Johannesburg linalomsifu baba kwa usafi, ilhali alikuwa amesimama juu ya vigae, midomo ya buluu, amevaa pazia la bafu.

Sasa lifti inafanya kazi. Chumba cha jirani ni stoo ya mablanketi, na hakuna aliyejua alikohamia. Kwaya imeondoka na kanisa lake. Na yule mtoto wa meno sita hayupo tena. Nimebaki na mtu anayenisahihisha hesabu.

Nilipomaliza hakucheka, jambo lililoniudhi. Aliuliza tu, "Na kama ningekataa hadi mwisho?"

Nikaanza kumwambia tungemrudisha tukachukua golikipa. Mama, niliyedhani hatusikilizi, alimshika mkono tuvuke barabara.

"Tungehamia hapa," akasema.