Supu Baridi kwa Mama Mkwe

Tangu daktari aliponiambia kwamba presha yangu si ya mtu wa umri wangu, nyumbani kwetu Queensburgh, hapa Durban, tunakula Kihispania. Mke wangu anafundisha chuo kikuu, na mwenzake mmoja kazini, mama wa Kihispania, ndiye aliyemwonyesha namna ya kupika bila kuzamisha kila kitu kwenye mafuta. Habari hizo nilizipokea kwa kununa. Nimekulia Morogoro kwa nyama ya kukaanga na wali wa nazi, sikuona kwa nini niadhibiwe. Lakini siku nilipoonja spinachi na dengu zilizotiwa kitunguu saumu, niliomba sahani ya pili, na baada ya hapo mpishi nikawa mimi. Jumamosi naenda sokoni Warwick kuchagua nyanya, nazibonyeza moja moja mpaka wauzaji wananichoka.

Kuna omleti yao ya viazi, nene, ambayo mtu wa Dar angeiita chipsi mayai iliyosoma. Kuna samaki wa kuoka na limau. Na kuna supu yao ya baridi, ambayo ndiyo iliyoniponza. Unasaga nyanya zilizoiva vizuri, tango, hoho, kitunguu saumu, kipande cha mkate, siki kidogo na mafuta ya zeituni, kisha unaweka kwenye friji. Haioni moto kabisa. Kwenye joto la Durban la mwezi wa pili, lile linalomfanya mtu ajute kuvaa shati, sijui kitu kitamu kuliko hicho. Tumbo langu lilipungua. Mke wangu naye alipungua, akawa anabana sketi zake kwa pini na kujigeuza mbele ya kioo akifurahi. Tulijiona wajanja.

Kisha mama yake akaja kututembelea kutoka Kakamega.

Watu wa mke wangu wana heshima kali kati ya mkwe na mama mkwe. Hatupeani mkono. Hawezi kulala chini ya paa langu, kwa hiyo alifikia Point, kule mjini, kwenye chumba cha binti wa dada yake. Hatuzungumzi moja kwa moja. Likiwepo jambo linapitia kwa mke wangu, hata kama tumekaa chumba kimoja. Na alikuwa hajawahi kula kwangu. Katika ukoo wao chakula cha kwanza cha mama mkwe kwa mkwe wake si mlo tu. Akila, ameridhika na mahali binti yake alipo. Asipokula, hakuna atakayesema neno, ila kijiji kizima kitajua. Mahari nilikuwa nimemaliza, nina nyumba, nina kazi nzuri kiwandani Jacobs ya kusimamia mafundi wa mashine. Kilichobaki ni sahani moja.

"Pika kuku," mke wangu aliniambia. "Mama ni mtu wa kuku na ugali."

Nikamjibu kuku atakula kwao. Nilitaka aone kwamba mkwe wake anaweza kitu ambacho wakwe wengine hawakiwezi. Kichwa kilikuwa kimenivimba, na sikusikia la mtu.

Alikuja Jumapili mchana. Pale mlangoni alimtazama binti yake kwa muda, akamshika mkono juu, kwenye nyama, akaubinya, akaingia. Nikaleta supu kwanza, kwenye mabakuli yetu mazuri, na majani juu yake. Mama mkwe alichota kijiko, akatia mdomoni. Akachota tena, safari hii kidogo zaidi. Halafu akamwinamia binti yake na kuuliza, kwa sauti aliyodhani haifiki upande wangu:

"Walikata stima?"

"Hapana, Mama. Hii inakuliwa hivi hivi, baridi."

"Haya," alisema, vile mtu anavyomjibu mtoto aliyemshika akidanganya.

Omleti aliifunua kwa uma akitafuta nyama. Samaki alisema atamla baadaye. Mwishowe akasema ameshiba, alikuwa amekula Point kabla ya kuja, akamega kipande cha mkate ili mikono isikae bure. Niliondoa vyombo masikio yakiniwaka kwa aibu. Mke wangu akanifuata jikoni.

"Nilikuambia kuku."

"Mweleze basi."

"Nimemweleza. Kadiri ninavyoeleza ndivyo anavyonionea huruma. Anasema nimekonda hivi na bado ninakufichia."

Wiki nzima nilikuwa na hasira, na nilimkasirikia yeye, mgeni wangu, kwa kutojua kitu kizuri anapokiona. Jumamosi nilikuwa jikoni nimevaa kaptula, nasaga nyanya, kengele ya geti ikalia. Nje walikuwa watu wengi, wamebeba mizigo, mama mkwe yuko nyuma yao.

Walikuwa kikundi cha maombi cha Waswahili wa Point: Wakenya, Watanzania, Wakongo. Sisi tunasali huku huku Queensburgh, kwa Kiingereza, na wengi wao hatukuwa tumewahi kuonana nao. Mama mkwe alikwenda kwao na mpwa wake, na wakati wa kuomba ulipofika alisimama na kusema kwamba binti yake anaishi bila stima na anakunywa nyanya mbichi. Wakachanga. Sasa walikuwa sebuleni kwangu na mfuko mkubwa wa unga, dumu la mafuta ya kupikia, sukari, sabuni, sukuma wiki na nyama. Akina mama hawakusubiri kukaribishwa, waliingia jikoni, wakalisogeza jagi langu la nyanya pembeni na kuinjika sufuria. Mmoja wao aliwasha jiko, likawaka, akashukuru Mungu kwamba umeme umerudi.

Kiongozi wao alikuwa mzee wa Kikongo, mpole, na upole wake ndio ulionimaliza.

"Papa, usisikie haya," aliniambia. "Sisi wote tulipita hapo. Gari usiuze, itakusaidia kutafuta kazi. Kule Jacobs iko kazi ya kupakia camion, malori haya. Nikuulizie?"

Nikaona mke wangu anafungua mdomo aeleze. Nilitaka aeleze. Lakini mama mkwe alikuwa amesimama karibu na mlango, kitambaa cha kanisani kichwani, mkoba ameukumbatia, hamtazami mtu. Huyu ni mama ambaye kwao ndiye anayegawa, na kule kwenye maombi alisimama mbele ya watu asiowajua, katika nchi isiyo yake, akaomba kwa ajili yetu. Nikisema sasa kwamba friji yangu imejaa na kwamba tunakula baridi kwa kupenda, mjinga wa chumba kile atakuwa ni yeye, na atarudi nyumbani na ujinga huo.

Nikamkanyaga mke wangu mguu, taratibu.

"Asanteni sana," nikasema. "Ni kweli, tulikuwa tumebanwa. Niulizie hiyo kazi, mzee."

Waliniwekea mikono kichwani wakaniombea. Sijawahi kuona aibu kama ile. Nilifumba macho nikiomba tu asiwepo hata mmoja wao anayefanya kazi kiwandani kwetu.

Ugali ukaletwa, na nyama inayoogelea kwenye mafuta, kwenye sahani zangu. Mama mkwe akaitwa mezani. Akanawa, akala, akaongeza. Kile nilichokuwa nakitaka kilikuwa kinatendeka mbele yangu, na mimi sikuwa nimetia hata chumvi. Na mimi nilikula. Nyama ilikuwa tamu, hilo nalo likaniaibisha.

Wageni walipoanza kutoka, mama mkwe alibaki nyuma. Akamgeukia binti yake, nami nimesimama pale pale, karibu kiasi cha kugusana viwiko.

"Mwambie mkwe," alisema, "nilikuja nikifikiria ni mtu wa majivuno. Lakini mwanaume anayeweza kukubali mbele ya watu kwamba hana, huyo hajui kudanganya. Mwambie sasa naweza kurudi nyumbani na nilale."

Mke wangu akanigeukia, akanifikishia ujumbe wote, neno kwa neno, kama desturi yao inavyotaka. Nikamwomba amwambie mama asante.