Salamu ya Mlangoni

Mwaka wangu wa pili wa ualimu nilipangiwa darasa la kwanza katika kijiji cha ujamaa upande wa Zombo, wilaya ya Kilosa. Nyumba za kijiji zilikuwa bado mpya, zimejipanga mistari miwili kama watoto kwenye paredi, na shule ilikuwa vyumba vitatu vya matofali tuliyoyafyatua pamoja na wazazi. Nyuma ya darasa langu kulikuwa na bustani ya mchicha. Naanza na bustani hiyo kwa sababu ndiyo iliyonidanganya.

Kila asubuhi, nikishamaliza kukagua kucha, nilisimama mlangoni. Watoto walipita mmoja mmoja. Kila mmoja alisema, "Shikamoo, mwalimu," nikaitika, "Marahaba," ndipo akaingia. Niliupenda sana utaratibu huo. Niliamini mtoto anayejua kuamkia wakubwa amekwisha kufundishika nusu.

Kulikuwa na msichana mmoja wa miaka minane hivi, aliyelelewa na bibi yake. Siku zote alisimama mwisho wa mstari, na kabla zamu yake haijafika alichomoka, akachukua debe na kwenda kumwagilia mchicha. Nikimwita, alinionyesha majani kwa kidole, kama anayesema hayawezi kungoja. Wakati ule tulihimizwa kila siku kwamba mtoto ajifunze kwa kushika jembe, si kitabu peke yake. Basi sikumkaripia. Nilimsifu. Nilimsimamisha mbele ya shule nzima nikasema, "Mtazameni mwenzenu. Huyu ndiye anayejua kujitegemea." Aliinamisha kichwa. Nilidhani ni haya.

Mchicha ulistawi vizuri sana mwaka ule.

Mwisho wa muhula wa kwanza niliita mtoto mmoja mmoja mezani anisomee ukurasa wa kwanza wa kitabu. Darasa langu lilizoea kusoma kwa kuimba pamoja, na katika kelele za watoto arobaini huwezi kujua nani anafumba na kufumbua mdomo tu. Msichana wangu wa mchicha alisimama, akatazama midomo yangu badala ya karatasi, asitoe hata sauti moja. Kutoka dirishani wenzake wakaanza kumwimba.

"Shitamoo! Shitamoo! Mama Shitamoo hana ulimi!"

Akatoka mbio. Na mimi nikabaki pale mezani, nimeelewa. Mtoto huyu hakuweza kutamka k. Neno la kwanza nililomdai kila asubuhi lilikuwa lile lile lililomfanya achekwe. Nilimwekea kizuizi mlangoni, kisha nikamsifu mbele ya watu kwa kukikwepa.

Jioni hiyo nilikwenda kwa bibi yake. Nilimkuta akipeta kunde.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kumsema?"

"Nimekuja kujisema mwenyewe."

Akacheka, akanisogezea kigoda. Nilipomweleza, aliweka ungo chini.

"Wengine wananiambia nimpeleke kwa fundi wa jadi, amkate kamba ya chini ya ulimi. Na shangazi yake wa kule mlimani Vidunda atashuka baada ya mavuno. Amejifungua, anataka wa kumbebea mtoto. Anasema kama shule haimwingii, kwa nini anakaa bure? Mimi nitamkatalia kwa neno gani?"

"Nipe mpaka mavuno, bibi. Na kwa fundi asiende."

"Mpaka mavuno," alisema. "Lakini shangazi yake simdanganyi. Akija, atamwona mwenyewe."

Mara moja kwa mwezi muuguzi wa hospitali ya misheni alikuja kijijini kupima uzito wa watoto wachanga. Niliwahi kusikia kwamba aliwasaidia watoto waliozaliwa na mdomo sungura kujifunza kusema baada ya kushonwa. Nikampelekea mwanafunzi wangu.

"Fungua kinywa, mama. Toa ulimi. Haya, lamba pua yako," muuguzi alimwambia. Mtoto alijaribu, akaanza kucheka. "Ulimi wake mzima, mwalimu, hakuna cha kukata. Ila hajajua kwamba ulimi una nyuma. K inatengenezwa huku kooni. Yeye anaitengeneza mbele, kwenye meno, ndiyo maana inatoka t."

"Basi nimwambie aiweke nyuma?"

"Ukimwambia hataiona. Mpe maji asukutue koo. Hapo ndipo mahali penyewe. Halafu, mwalimu, usianze na herufi. Anza na sikio."

Nilifuata maneno yake kama nilivyoyapokea, na ningependa mwalimu mwingine ayafuate, maana hayahitaji kifaa chochote kisichopatikana kijijini. Kwanza sikio. Niliweka vifuu viwili mezani, kimoja cha punje za mahindi, kingine cha kunde. Nikisema neno linaloanza na k, aweke hindi. Likianza na t, aweke kunde. Kuku, hindi. Taa, kunde. Wiki ya kwanza alikosea karibu kila neno. Wiki ya pili alianza kunitangulia, mkono uko kwenye kifuu kabla sijafunga mdomo.

Kisha maji. Alijaza kinywa, akainua kichwa juu, akayachemsha kooni. Baadaye bila maji. Sauti ikatoka, lakini kwa kichwa kilichoinuliwa tu. Akitazama mbele, inapotea. Nisingeweza kumwacha afanye hivyo peke yake mbele ya wenzake, kwa hiyo nililifundisha darasa zima mchezo wa kuku anayekunywa maji. Watoto arobaini wakanyanyua videvu na kusema ka, ke, ki, ko, ku wakitazama bati. Hakuna aliyebaki wa kumcheka mwenzake.

Na mlangoni nilibadilisha salamu. Nilianza mimi kwa kila mtoto, "Hujambo?" naye akajibu, "Sijambo, mwalimu." Neno hilo aliliweza. Asubuhi ya kwanza alilisema kwa sauti ndogo, akaingia na wenzake, na debe likabaki ukutani.

Mwalimu mkuu hakufurahi.

"Mwalimu, wazazi wanauliza. Watoto wako hawaamkii tena wakubwa? Wewe ni wa wapi?"

"Mpaka mavuno, mzee. Nikishindwa, nitaamkia mimi kijiji kizima kwa niaba yao."

Alitikisa kichwa akaondoka, lakini aliniacha.

Sauti ilipokaa ndipo nikaleta herufi. Nilichora picha kwenye vipande vya maboksi: kuku, kaka, kiko, kikapu, na chini ya kila picha neno lake. Sasa alipoiona k alikuwa na mahali pa kuigusa kooni mwake. Watu hudhani kusoma kunaanzia machoni. Kwa mtoto yule kulianzia pale maji yalipochemkia.

Mavuno yalikwisha, na siku moja mchana bibi akanitumia ujumbe kwamba shangazi amefika. Nilikwenda na vile vipande vya boksi mkononi. Mama huyo alikuwa ameketi ukumbini, mtoto mgongoni, vumbi la njia ya Vidunda bado miguuni, na kikapu cha maharage pembeni. Msichana hakuonekana.

"Yuko wapi huyo mwari wenu?" aliuliza. "Au hata kutoka kuniamkia hawezi?"

Bibi alinitazama. Kutoka nyuma ya nyumba tukasikia maji yanachemka, si ya chungu. Yalitemwa. Kisha mtoto akatokea, akapiga goti mbele ya shangazi yake, akainua kidevu kidogo, kidogo sana.

"Shikamoo, shangazi."

Shangazi alikawia kuitika, hata bibi akamsukuma kwa kiwiko.

"Marahaba! Marahaba, mwanangu. Hebu rudia."

"Ameshakuamkia mara moja," bibi alisema. "Ya pili utalipia maharage."

Lakini shangazi hakuwa mtu wa kuridhika haraka, na sikumlaumu. Aliomba vile vipande nilivyoshika. Akachagua kimoja, akaifunika picha yote kwa kiganja, akaacha neno peke yake. Mimi nilikuwa sijawahi kumjaribu hivyo. Mtoto aliinama, kidole kikapita juu ya herufi, midomo ikienda bila sauti.

"Ki-ka-pu," alisema. Akatazama pembeni. "Kama hicho chako."

Shangazi aliondoa kiganja akaitazama picha, halafu akakitazama kikapu chake, kama anayekagua iwapo vimelingana. Akamshusha mtoto mgongoni akamweka mapajani.

"Basi," alisema, "huyu nitambeba mwenyewe."

Nilijikuta nimeketi chini bila kukaribishwa. Bibi alikuwa tayari anamimina maharage kwenye ungo, akicheka peke yake.

Kesho yake asubuhi nilisimama mlangoni, nikarudisha shikamoo kwa watoto wote, kama nilivyomwahidi mwalimu mkuu. Yeye alikuwa wa tatu katika mstari. Mchicha nao ukaanza kukauka, nikalazimika kupanga zamu ya kuumwagilia.