Silinda ya Tatu

Siku ile niliamka nikaenda moja kwa moja kwenye gari, hata uso sijanawa. Kesho yake asubuhi mama alitakiwa awe hospitali Haydom, kwa ajili ya nyonga aliyoiumiza alipoanguka kwenye shamba la maharage. Hapa kwetu Endasak bodaboda ziko tele, ila mtu mwenye nyonga ya namna ile humpandishi pikipiki. Ilibaki pikapu yangu, nayo wiki ile ilikuwa imeanza kukosa nguvu kwenye vilima na kutoa moshi mweusi. Sikuwa na raha. Kila nilipofumba macho nilimwona mama amelala nyuma kwenye godoro, gari limezima katikati ya njia, na mvua inakuja.

Nilikuwa nimeazima geji ya kupimia kompresheni kwa fundi mmoja wa Katesh. Ni kifaa kidogo, mpira mfupi na saa yenye sindano. Unaipasha injini moto, unaizima, unachomoa plagi zote nne na waya wa koili, kisha unafunga geji kwenye tundu moja la plagi. Mtu mwingine anakanyaga mafuta mpaka mwisho na kupiga stata. Injini haiwaki, inazunguka tu, na sindano inakuonyesha silinda hiyo inabana hewa kiasi gani. Fundi alinisisitizia kwamba mguu usitoke kwenye mafuta, maana ukitoka injini inanyimwa hewa na geji itasoma uongo.

Mtu mwingine alikuwa mke wangu. Kiti cha dereva kilishaganda kwenye reli zake, kimerudi nyuma kwa ajili ya miguu yangu mirefu, na yeye ni mfupi. Ili afikishe mafuta mwisho ilimbidi ateleze mpaka karibu alale chali, mguu umenyooka, kitenge kimepanda magotini.

“Baba watoto, hapa sijakaa vizuri,” akasema.

Nikamwambia hatuendi harusini.

Silinda ya kwanza ilisoma mia na hamsini na tano. Ya pili, mia na hamsini. Nikaanza kupumua. Nilipokuwa napima ya tatu, baba mkubwa, kaka yake marehemu baba, akaingia uani na kusimama upande wa dereva. Kichwa changu kilikuwa chini ya boneti, sioni kitu zaidi ya sindano. Nikamsikia mke wangu akisema, “Shikamoo, baba,” nami nikaitupa ya kwangu kutoka huko huko. Stata haikukatika. Sindano ikapanda, ikasita, ikagoma kwenye tisini.

“Baba watoto, ngoja nikuambie,” mke wangu akaanza.

“Nyamaza kwanza, nasoma.”

Fundi alinifundisha kwamba silinda ikisoma chini, mimina kijiko cha oili kwenye tundu la plagi, upime tena. Ikipanda, basi ringi za pistoni zimekwisha. Nikamimina haraka haraka, nyingine ikanimwagikia mkononi. Tukapima. Mia na sitini.

Ringi, basi, na hiyo si kazi ya kumalizika kabla ya kesho. Ya nne sikuihangaikia. Nilitupa spana chini, nikatoka kwenda zizini, nikarudi, nikaenda tena. Nililaani gari, nikamlaani aliyeniuzia. Mke wangu akaniuliza kama nitakunywa chai, nikamjibu jibu ambalo sitaliandika hapa.

Baba mkubwa alikuwa amekaa kwenye kigoda na kikombe chake.

“Mambo ya gari siyajui, mwanangu,” akasema. “Ila mke umepata. Amekaa sawa, amekusanya miguu, amefunika magoti, ndiyo akaniamkia. Siku hizi wanatuamkia wamelala.”

Nikasimama. “Amekusanya miguu?”

“Ulitaka nimwamkie baba nimejinyoosha vile?” mke wangu akasema. “Mkono niliuacha kwenye ufunguo. Mguu niliutoa, nikaurudisha ulipokuwa unamimina oili. Ndicho nilichokuwa nakuambia.”

Nilikuwa na hasira na sikuwa na wa kumpa. Angemwamkia baba mkubwa vile alivyolala, mimi ndiye ningekuwa wa kwanza kumsema. Nikamwomba radhi mbele ya mzee, jambo ambalo sina mazoea nalo.

Ila oili nilishaimimina, na oili ikiwa ndani hata ringi mbovu inasoma vizuri, kwa hiyo bado sikujua kitu. Tukarudisha plagi na waya, nikawasha injini ili iichome. Moshi ukajaa uani, kuku wakakimbilia shambani. Wakati wa kusubiri sikuweza kukaa. Nikafungua kichujio cha hewa, nikakuta kimeziba kabisa kwa vumbi la njia; hicho peke yake kingetosha kuleta moshi mweusi na kukosa nguvu. Nikakikung'uta mpaka mkono ukauma, nikianza kutumaini.

Moshi ulipokwisha tukachomoa tena kila kitu. Safari hii nikakaa mimi kwenye kiti, mke wangu akashika geji. Ya nne ilikuwa nzuri. Akahamia ya tatu.

“Piga,” akasema.

Nikakanyaga mpaka mwisho. Ndipo mlango wa nyumba ya mama, ng'ambo ya ua, ukafunguka. Akatokea na fimbo yake, begi la hospitali tayari begani, akanitazama. Sikufikiri. Nilijikuta nimekaa wima, miguu pamoja.

“Sabini,” mke wangu akasema. “Umetoa mguu?”

“Nimetoa.”

“Mwamkie mama kwanza. Tutarudia.”

Nikateremka. “Shikamoo, mama.”

Ilikuwa alasiri, na hiyo ndiyo ilikuwa shikamoo yangu ya kwanza kwake siku ile. Mara ngapi nilikuwa nimepita mbele ya mlango wake na spana mkononi, sijui.

“Marahaba,” akasema. “Nilidhani daktari amekupa habari zangu mbaya, ndiyo maana unanipita.”

Nilimshika mkono, nikamkalisha kwenye kigoda karibu na gari, nikarudi kwenye kiti na kukanyaga mafuta.

“Mia na hamsini,” mke wangu akasema.

Mama akauliza kama hiyo ni nzuri au mbaya.

“Ni nzuri, mama,” nikamwambia. “Kesho tunakwenda.”