Mama Alivyojipiga Picha Dunguni

Wiki iliyopita binti yangu alizunguka nyumba nzima akitafuta mwanga wa kujipigia selfi. Mara dirishani, mara barazani, mara "mama sogea, unanizibia." Nikacheka peke yangu, maana bingwa wa kazi hiyo nilimwona zamani, na hata simu hakuwa nayo.

Alikuwa mama yangu. Kwetu Mbuchi, mpunga ukianza kutoa masuke, wanawake walihamia mashambani, wakakaa kwenye madungu, vile vibanda vya juu ya miti, kuamia ndege wasile mpunga mpaka mavuno. Sisi watoto tulibaki kijijini kwa bibi, tukila ugali wa muhogo na samaki wa moshi. Mwaka mmoja mama aliporudi, mdogo wetu wa mwisho, aliyekuwa ndiyo kwanza ameacha ziwa mama alipoondoka, alimtazama, akalia, akajificha nyuma ya bibi. Mama alicheka na watu. Baadaye nilimsikia bafuni uani akilia.

Msimu uliofuata alipanda dunguni na kamera ndogo ya mkanda, ameiazima kwa mwalimu wetu. Flashi yake ilikuwa imekufa, lakini ilikuwa na kitufe ambacho ukikibonyeza, inasubiri kidogo halafu inapiga yenyewe. Picha za kwanza zilisafishwa dukani Kibiti zikaja nyeusi tititi, kwa kuwa alikaa na jua mgongoni.

"Haya, mwanangu katuletea kivuli chake," bibi akasema.

Mama hakukata tamaa. Akangoja asubuhi, jua likiwa bado chini, akaiweka kamera juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaligeukia jua. Mapajani akapakata ungo wa mchele mweupe, weupe wake umwangazie uso kutoka chini. Hakufundishwa na mtu. Aliona tu kwamba akipepeta, mikono yake hung'aa. Na kamba ya makopo ya kutishia ndege aliifunga kwenye kidole cha mguu, anapozi huku anatikisa, kwani ndege hawamsubiri mtu apendeze.

Picha ile ilikuja kwa mtumbwi, imeviringwa kwenye kanga. Bibi akaibandika ukutani, usawa wa macho ya mtoto. Kila asubuhi baada ya uji: "Msalimie mama yako." Naye huibusu, mpaka kona moja ikaganda uji.

Mavuno yalipokwisha, mama alisimama mbali uani, anaogopa kusogea. Mtoto akamtazama, akamtazama tena, kisha akamkimbilia.

"Chikamoo mama!"

Mama alikaa palepale mchangani, akalia mbele za watu bila kujificha. Mpaka leo namvulia kofia.

Duka lile la kusafisha picha sasa linauza vocha, madungu yamepungua, na mama ametangulia mbele ya haki. Mdogo wangu ana ndevu. Tukikutana hunisimulia alivyokuwa akikaa na mama dunguni, jua la asubuhi likimpiga mama usoni. Hajawahi kupanda dungu maishani mwake. Mimi simkatizi. Humuuliza tu mama alikuwa akimwambia nini, naye hunijibu.