Sauti Iliyopanda Mbololo kwa Lori

Tryphena alisema machache na kuyasema polepole, na kwa hiyo watu wa Voi walimwona mpole. Hakuwa mpole, alikuwa anasikiliza. Asubuhi alifundisha chekechea huko Mwakingali, ambako aliweza kumtambua mtoto anayelia uwanjani bila kugeuka kumtazama. Mchana alivuka barabara akaingia chumba kimoja nyuma ya duka la dawa za mifugo. Kuta zake zilikuwa zimebandikwa trei za mayai ili kuzuia mwangwi, na humo ndimo yeye na rafiki yake Kiema walimorekodia kwaya, wapiga benga, na yeyote aliyetaka kusikika.

Kiema alikaa kwenye kompyuta, Tryphena akakaa kitini nyuma yake, amefumba macho. "Mimi ni mikono tu," Kiema aliwaambia wateja. "Mkitaka kujua kama wimbo umeiva, muulizeni Mwalimu." Na Mwalimu akisema bado, kwaya nzima ilirudia, hata kama mwimbishaji alikuwa amenuna. Tryphena hakuwahi kumwambia mtu jinsi maneno hayo ya Kiema yalivyomtia joto. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu, na popote alipokuwa amefanya kazi hapakuwa na mtu aliyewahi kumngoja aseme.

Wiki ile ilitoka plagini mpya, programu ndogo ya kompyuta ya kubadilisha sauti, ambayo watengenezaji muziki walikuwa wakiizungumzia kila mahali. Kiema akaipakua kwa kipindi cha kuijaribu bure, na Jumamosi wakakutana kuipima: yeye, Tryphena, na Mwandawiro mpiga gita, ambaye alikuwa na maoni juu ya kila kitu na ujuzi wa kitu kimoja.

"Unaipa sauti, inaisaga," alieleza Kiema.

"Kama kinu cha posho?" aliuliza Mwandawiro.

"Ndiyo, lakini hapa hupati unga. Kila punje ya sauti inabaki punje. Unaamua ziwe kubwa au ndogo, zimwagike nyingi au chache, zirudi nyuma, zitawanyike. Sauti ya kupiga chafya unaweza kuifanya idumu mpaka mchungaji amalize kuomba."

"Basi hiyo itadumu kweli. Wewe hujasali na mchungaji wetu."

Walianza na gita. Mwandawiro alipiga uzi mmoja mara moja tu, na mashine ikaukata mlio ule ikaurusha hewani kama mvua ya kwanza kwenye mabati. Akakaa akikodoa macho. "Bana! Vidole vyangu vimekuwa sugu tangu shule ya msingi, kumbe ningepiga mara moja nikaenda kulala?"

Wakatia mluzi. Wakatia mlango wa duka, nao ukalia kama zeze. Kila jambo Tryphena alilipima kwa kazi yao. Kwaya ya kina mama ingeweza kuimba juu ya sauti kama hii bila kupotea? Inasaidia, au inaonyesha tu? Alisema ilimfurahisha kwenye gita na kumchosha kwenye mluzi, na Kiema akaandika kichwani, kama kawaida yake, bila kubisha.

"Sasa tuipe kitu cha kweli," alisema Kiema. "Ile sauti ya mama yako uliyonisimulia, Mwalimu. Unayo kwenye simu?"

Alikuwa nayo. Nyumba za Mbololo, kwao Tryphena, zimekaa mgongoni mwa vilima; moshi wa jirani unauona hapo mbele, lakini kumfikia lazima ushuke mpaka kijitoni na kupanda tena. Kwa hiyo watu huitana. Mama Tryphena alikuwa na mwito uliopanda mara mbili, ukakaa kidogo juu, kisha ukaanguka, na ndani yake mlikuwa na jina la bintiye. Ng'ambo yote waliujua, kama unavyojua mwendo wa jirani gizani. Jioni ulikuwa wa kuwaita watoto, wala hakuna aliyejisumbua. Lakini ukisikika saa za kazi, watu waliacha majembe wakaenda, kwa kuwa mwanamke haiti mchana kwa mzaha.

Kisha tezi ya shingo ya mama ikavimba. Kabla ya upasuaji madaktari walisema wazi kwamba sauti huenda isirudi, na haikurudi. Jioni ya mwisho nyumbani, Tryphena alimsimamisha mama yake ukingoni mwa shamba akamrekodi. Mama aliona haya, akaita mara moja, akasema, "Hiyo ni yako ukiwa mbali. Usiipeleke kwa watu." Tangu upasuaji alizungumza kwa mnong'ono, kama mtu aliye katikati ya ibada.

Tryphena aliitoa simu. Kwake chumba kile hakikuwa watu. Kilikuwa Kiema na Mwandawiro. "Ni ya kujaribu tu," alisema. "Tukimaliza unaifuta."

"Naifuta mbele yako," alisema Kiema.

Mwito ulipanda mara mbili, na pale juu, mahali ambapo mama yake angevuta pumzi, mashine haikuvuta. Ulibaki huko, ukaongezeka, ukawa mama wengi waliosimama kwenye vilima vingi, wote wakilisema jina lake nusu. Mwandawiro hakuwa na mzaha. Tryphena alifumbua macho. Alitaka isimame, na alitaka isisimame.

"Zima," alisema.

Kiema alizima. Akazungusha kiti akamtazama. "Haifai," alisema. "Inapendeza, lakini inatoa roho ya kitu. Tusiinunue. Au wewe wasemaje?"

Ndilo neno lililokuwa kifuani mwa Tryphena, nalo limetoka kinywani mwa mwingine kabla hajalitafuta. Kiema akafuta ile sauti huku yeye anaona, akaiondoa na plagini yenyewe. Tryphena aliondoka siku ile akitembea kama aliyepewa zawadi.

Mahindi yalikuwa yamefika magotini wakati kampeni zilipoanza kuchangamka. Siku moja akiwa darasani, simu ililia. Alikuwa Mama Lynn, jirani yao wa ng'ambo ya kijito.

"Tryphena, mama yako amepona koo na hamkutuambia?"

"Hajapona, Mama Lynn."

"Basi ni nani ameita hapa?"

Lori lilikuwa limepanda Mbololo na spika zimepangwa mpaka juu, likitangaza mgombea wa udiwani. Kabla ya wimbo kuanza, Mama Lynn alisema, Mama Tryphena aliita. Aliita mara moja, mwito mzima, halafu akaita kama amegawanyika, halafu ngoma zikaingia. Lakini hakuna aliyengoja ngoma. Mwito wa mchana, tena wa mtu aliyepoteza sauti! Mzee Noah, jirani mwenzake, alitupa panga akashuka kijitoni na viatu vyake. Mama Lynn mwenyewe aliacha chungu motoni. Walipofika juu wakihema, walimkuta Mama Tryphena amesimama mlangoni, ameshika koo kwa mikono miwili, kana kwamba limemtoroka.

"Tukamuuliza, ni nini? Nani amekufa? Midomo inacheza, hatusikii kitu. Tulikuwa wengi mno, mwanangu, na sisi sote tunauliza kwa pamoja. Mwishowe akaingia ndani akafunga mlango."

Tryphena alimwomba mwenzake amshikie darasa. Alipofika nyuma ya duka la dawa, Kiema alikuwa kwenye kompyuta na Mwandawiro alikuwa akibadilisha nyuzi za gita. Hakusalimia.

"Ulifuta nini siku ile?"

Kiema alimtazama, akamtazama Mwandawiro, akajua. "Kaa kwanza, Mwalimu."

"Ulifuta nini?"

"Nakala moja," alisema. "Nilikuwa nimeshaihifadhi nyingine, na plagini nikairudisha baadaye." Akaongea haraka, akimwonyesha kioo cha kompyuta kana kwamba kingemtetea. Watu wa kampeni walitaka wimbo usiofanana na mwingine wowote. Alikuwa ameijua plagini ile tangu saa ya kwanza ilipotoka. Jumamosi ile alitaka tu kuusikia mwito wenyewe unavyokaa ndani yake. "Na ulikaa! Uliusikia. Hujawahi kunyamaza hivyo kwa kitu chochote nilichotengeneza."

"Ulisema haifai."

"Ningesema inafaa, ungekataa."

"Ndiyo sababu watu huambiwa, Kiema. Ili waweze kukataa."

"Lakini si sauti yake tena! Ni punje. Nimezisaga. Nilibakiza kidogo tu mwanzoni, ili wimbo uwashike watu. Nani angejua?" Kiema alikuwa mtu wa Maungu, kwenye tambarare, ambako ukimtaka jirani unatembea mpaka kwake au unampigia simu. Alisema hivyo kwa moyo safi kabisa, na hilo ndilo lililomuuma Tryphena zaidi.

"Mlima mzima umejua."

"Ndiyo nakwambia!" Uso wa Kiema ukang'aa, hakuweza kujizuia. "Meneja wa kampeni amenipigia sasa hivi. Anasema kule juu watu waliacha mashamba wakatoka mbio, wazee kwa kina mama, hajapata kuona. Mheshimiwa amefurahi mno. Kesho wanarudi huko huko, na..." Hapo akauona uso wa Tryphena, na sentensi ikamfia mdomoni.

Mwandawiro aliendelea kukaza uzi ambao ulikuwa umeshakazwa.

"Na wewe ulijua?" Tryphena alimuuliza.

"Mimi nilipiga gita tu, dada."

"Gita la wimbo gani?"

Mwandawiro aliinamia gita. Tryphena aliwatazama wote wawili. Alikumbuka alivyorudi nyumbani Jumamosi ile, mwepesi, akiamini kwamba hatimaye kuna mtu anayesikia kama yeye. Kweli Kiema alikuwa anasikia kama yeye. Alilijua hasa neno ambalo Tryphena angelipenda, akampa, kama unavyompa mtoto pipi ili usimwone akilia ukiondoka.

"Uondoe," alisema.

"Wimbo uko mikononi mwao sasa. Nikiwaomba watanicheka."

"Waombe wakucheke."

"Mwalimu, jaribu kuelewa..."

"Usiniite Mwalimu."

Alichukua kinasa sauti chake mezani na kofia yake msumarini. Hakuna mwingine aliyenyanyua kitu. Nje, muuzaji wa duka alimuuliza kama leo hawarekodi, naye akasema, "Hapana," akaenda kutafuta pikipiki ya kumpandisha Mbololo.

Mama alikuwa jikoni, akipembua maharage katika ungo. Hakuinua uso. Tryphena aliketi kwenye kigoda, akaingiza mkono ungoni, wakapembua pamoja mpaka mama aliponong'ona.

"Uliipeleka kwa watu."

"Niliipeleka kwa Kiema, mama."

"Kiema si watu?"

Tryphena alieleza yote: Jumamosi, mashine, namna Kiema alivyofuta mbele yake. Mama alisikiliza kama anayesikiliza habari ya safari isiyomhusu. Hakukasirika, na Tryphena angependa akasirike, maana mtu mwenye hasira ana jambo analotaka kutoka kwako.

"Niliposikia," mama alinong'ona, akisimama kila baada ya maneno machache, "nilifikiri ni Mungu amenirudishia. Nikafungua mdomo nijibu." Alirusha maharage hewani, akayadaka. "Kisha wakaja. Noah, na magoti yale. Nimewaita watu wakaja, na sina neno la kuwaambia."

"Si wewe uliyewaita."

"Wao wanajua ni mimi."

"Kesho lori linarudi," alisema Tryphena, kwa kuwa ilikuwa lazima aseme.

Mama aliweka ungo chini. "Watakuja tena," alinong'ona. "Na siku nikianguka humu ndani, wewe ukiwa hapa ukapiga kelele, hawatakuja. Watasema ni lori." Akamtazama kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Waambie."

Asubuhi Tryphena alishuka kijitoni akapanda ng'ambo, nyumba kwa nyumba. Ni kazi ngumu kwa mtu anayechagua maneno, na maneno ya siku ile hayakuwa na namna nzuri ya kusemwa. Nikuombe kitu: leo ukimsikia mama akiita, usije. Mama Lynn alilia kidogo, akauliza kama hakuna askari wa kushtaki mambo kama hayo. Mzee Noah, amelifunga goti kwa kitambaa, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mwito ule ulinitoa kisimani mwaka niliotumbukia," alisema. "Mama yako ndiye aliyeniona. Leo wanitaka niusikie nikae?"

"Ndiyo, mzee."

"Nitakaa," alisema. "Lakini si kwa sababu nimekubali."

Hakupata nafasi ya kurudi upande wa nyumbani. Alikuwa bado shambani kwa Mama Lynn wakati injini ilipoanza kuguna kwenye kona za chini. Lori lilitokea na vumbi lake, kijana mmoja amesimama juu akipunga bendera, na mwito ukatoka. Ulipanda mara mbili. Ulikaa juu. Miguu ya Tryphena ilichukua hatua mbili kabla hajaizuia.

Bondeni kote, watu walikuwa wakipalilia. Hakuna aliyenyanyua kichwa. Majembe yaliendelea, pu, pu, pu, na jina lake likapita juu ya migongo yao vipande vipande mpaka ngoma zikaingia.

Ng'ambo ya kijito mama alikuwa ametoka mlangoni. Kutoka pale aliposimama aliweza kuyaona mashamba yote, moja baada ya jingine, na watu wote aliowajua, wameinama. Tryphena alichukua jembe la Mama Lynn, naye akainama, kwa kuwa ndiye aliyewaomba.